Kufukuzwa kazini: hasira isigeuke ajali



Kwenye ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia ya kazi, viatu vya chuma, miwani, vumbi, na jiwe linaloanguka kutoka juu. Leo tunasema juu ya hatari nyingine, ambayo haina tangazo lake ukutani. Ni hasira ya mtu aliyepoteza kazi.

Kila mtu anayetumika anaijua ile barua, hata kama haijamfikia. Maneno yake si mengi: kampuni inapunguza watu, na jina lako liko kwenye liste. Mtu ametumika miaka 15 ao 20. Nyumba ilikuwa ya kazi, lopitali ilikuwa ya kazi, masomo ya watoto yalilipwa na kazi. Kwa siku moja vyote vinatikisika. Mtu huyo akikasirika, nani atamshangaa? Hasira yake ina sababu, na hatutamwambia asiisikie. Tunauliza neno moja tu: hasira hiyo ikiinua mkono, mkono utampiga nani?

Tutazame mambo yaliyotokea kweli, mengine mbali na sisi, lingine hapa kwetu.

MGODI WA DHAHABU, CANADA, 1992

Kaskazini ya Canada, katika mji wa Yellowknife, kulikuwa mgodi wa dhahabu unaoitwa Giant. Mwezi wa 5 mwaka 1992 wafanyakazi na kampuni, Royal Oak Mines, walishindwa kupatana. Watu wa mgodi walisimama nje ya mlango, na kampuni ikaleta watu wengine kutumika pahali pao. Kisha ikafukuza makumi ya wale waliokuwa katika mgomo. Sendika iliomba neno moja ambalo si kubwa: waliofukuzwa wasikilizwe na mwamuzi, kila mmoja aonyeshwe kosa lake. Kampuni ikakataa. Miezi ilipita katika matusi, mawe na mapigano. Watu waliokula pamoja wakawa hawasalimiani tena.

Tarehe 18 Septemba, asubuhi, watu tisa walipanda gari dogo la reli chini ya ardhi, kwenye ngazi ya futi 750, ni kusema karibu metre 230 chini. Kando ya reli mtu alikuwa ametega baruti. Gari lilipofika, baruti ikalipuka. Wote tisa wakafa hapo hapo.

Mwaka 1993 mchimbaji mmoja wa zamani, aliyekuwa katika mgomo, alikubali mbele ya polisi kwamba ni yeye. Mwezi wa 1 mwaka 1995 mahakama ilimhukumu kwa kuua watu tisa, kifungo cha maisha.

Sasa tuhesabu wafu. Mwenye kampuni hakuwa ndani ya gari lile. Mkubwa aliyekataa kusikiliza waliofukuzwa hakuwa ndani. Waliokuwa ndani ni wachimbaji, watu wa kofia na taa. Baadhi yao walikuwa watu wa sendika ile ile, waliorudi kazini mgomo ulipokuwa mrefu. Wengine waliletwa kutoka nje. Baruti haikuuliza nani alikosea.

Kuna neno lingine ambalo wengi hawalijui, nalo linauma zaidi. Mwezi wa 11 mwaka 1993, Baraza la Kazi la Canada lilitoa hukumu yake. Lilisema kampuni haikuzungumza na wafanyakazi kwa moyo wa kweli, na zaidi sana ilikosa ilipokataa waliofukuzwa wasikilizwe. Likaiamuru irudie masharti iliyotoa mbele ya mgomo. Mwezi uliofuata mgomo ukaisha. Kampuni ilikwenda kulalamika mpaka Mahakama Kuu ya nchi, na mwaka 1996 ikashindwa kule pia.

Kwa hiyo haki ilikuwa upande wa wafanyakazi, na ilikuja kwa njia ya karatasi, polepole lakini ilikuja. Ilipofika, wachimbaji tisa walikuwa wamezikwa miezi 14 mbele, na mwenzao mmoja alikuwa gerezani.

Wajane nao walikwenda mahakamani. Mwaka 2004 mahakama ya kwanza iliwapa zaidi ya milioni 10 za dola za Canada, zilipwe na kampuni ya walinzi, serikali, sendika na wengine. Mahakama ya juu ikaifuta hukumu hiyo, na mwaka 2010 Mahakama Kuu ikathibitisha kwamba hao hawatalipa. Kampuni ya mgodi yenyewe ilikuwa imekwisha kuanguka mwaka 1999. Miaka 18 baada ya baruti kulipuka, hukumu ile ya kwanza haikubaki juu ya hao.

KIWANDA CHA NYUZI, UFARANSA, 2000

Mtu atajibu: «Lakini kuna watu walitisha, nao wakapata.» Ni kweli, na hatutaficha.

Katika mji mdogo wa Givet, Ufaransa, karibu na mpaka wa Ubelgiji, kulikuwa kiwanda cha Cellatex kilichotengeneza nyuzi za nguo. Mwezi wa 7 mwaka 2000 mahakama ilitangaza kwamba kiwanda kimeanguka na kitafungwa. Wafanyakazi 153 waliona wanatupwa bila kitu, katika pahali ambapo kazi nyingine hakuna. Wakaingia kiwandani, wakafunga milango, wakasema: tusipopewa haki yetu, tutalipua kiwanda. Ndani kulikuwa matangi ya asidi sulfuriki na ya dawa nyingine kali, sulfidi ya kaboni. Siku moja walimwaga asidi, wakaitia rangi nyekundu ili ionekane, kwenye maji yanayoelekea mto Meuse. Siku chache baadaye wakubwa wa serikali wakakubali: kila mtu alipewa franka 80 000 za Ufaransa juu ya zile za sheria.

Walipata. Lakini sisi watu wa usalama tunaona neno ambalo mwandishi wa gazeti hakuliona. Wanaotumika kwenye kiwanda cha asidi, Likasi, Kolwezi ao Lubumbashi, wanajua asidi sulfuriki inafanya nini na macho na ngozi. Sulfidi ya kaboni ni mbaya zaidi. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kama maji. Hauhitaji kibiriti, bomba la mvuke lenye moto wa kadiri ya digri 100 linatosha kuuwasha. Kandokando ya matangi hayo ndipo walipolala wanaume na wanawake wa kiwanda, usiku na mchana, bila usingizi wa kutosha, na moto waliowasha nje. Kama tangi moja lingevuja usiku, nani angekufa kwanza? Mkubwa hakuwa na kitanda pale.

Hakuna aliyekufa Givet. Bahati ilikuwa pamoja nao. Lakini sheria ya kwanza ya usalama, ile tunayowafundisha vijana siku ya kwanza, ni hii: usiweke maisha yako juu ya bahati. Na kiwanda hakikufunguliwa tena.

MASHINE YA HESABU, MAREKANI, 1996

Siku hizi si lazima kubeba baruti. Katika jimbo la New Jersey, Marekani, kampuni Omega Engineering ilikuwa inatengeneza vyombo vya kupima joto na mengine. Mwezi wa 7 mwaka 1996 ilimfukuza mtu aliyesimamia ordinateri zake. Mbele ya kutoka alikuwa ameacha ndani maagizo ya siri. Mwisho wa mwezi ule, asubuhi, mfanyakazi alipofungua mashine, programu zote zilizoongoza kiwanda zikafutika.

Kampuni ilihesabu hasara zaidi ya milioni 10 za dola. Mwenye kosa alipewa kifungo cha miezi 41, na deni kubwa la kulipa. Lakini tusikilize mwisho wa habari: kampuni ilisema kwamba kwa sababu ya hasara hiyo wafanyakazi 80 walipoteza kazi. Themanini! Mtu aliyelia kwamba amefukuzwa, mkono wake umeandika barua themanini kwa wenzake.

HAPA KWETU, 2003

Tusiende mbali tu. Mwaka 2003 Gécamines ilikuwa imelemewa na madeni. Watu walikuwa wametumika miezi mingi bila mshahara. Kwa fedha za Banque mondiale ikatengenezwa kazi iliyoitwa «Départs volontaires», kuondoka kwa hiari. Zaidi ya wafanyakazi 10 000 wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na kambi nyingine waliweka sahihi, wakaondoka. Wengi walisema baadaye kwamba hiari hiyo haikuwa hiari: mtu mwenye njaa haulizwi kama anataka kula. Fedha walizopewa waliziona si sawa na miaka waliyotumika wala na malimbikizo ya mshahara.

Jamaa nyingi katika mji wetu zinajua mateso yaliyofuata: watoto waliotoka masomo, baba aliyekuwa fundi wa ngazi ya juu akawa anauza mafuta kwa chupa kando ya barabara, wagonjwa waliokosa mlango wa lopitali. Kama kuna watu waliokuwa na sababu ya hasira, ni hao. Nao walikuwa mafundi. Walijua kila kabini ya umeme, kila pompo ya maji chini ya shimo, kila ghala la baruti.

Walishika njia gani? Waliungana katika kolektifu. Walikusanya karatasi za malipo, wakahesabu miezi, wakaandika barua kwa kampuni, kwa serikali, na mwaka 2009 wakafikisha malalamiko yao mpaka kwenye baraza la ukaguzi la Banque mondiale yenyewe, Washington. Hawakupata yote waliyodai, na hatutasema kwamba haki ilitendeka. Lakini hakuna mjane wa mchimbaji anayeweza kusema: bwana yangu alikufa juu ya hasira yao. Wangeweza kuzima pompo, na maji yangewakuta vijana chini. Hawakuzima. Heshima hiyo ni yao.

UKIPATA BARUA

1. Usishuke shimoni siku hiyo. Mtu aliyeambiwa asubuhi kwamba kazi imeisha, kichwa chake hakiko kwenye mashine. Hasikii kengele, haoni jiwe. Mwambie shefu wa posti: «Leo siwezi.» Si woga, ni usalama, wako na wa wenzako.

2. Usiweke sahihi kwa haraka. Soma, ao umpe mtu wa kukusomea. Mwite delege wa sendika. Kuandika «nimepokea» si sawa na kuandika «nimekubali».

3. Jua haki yako. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema mtu mwenye mkataba usio na mwisho hafukuzwi bila sababu ya kweli. Preavi inayotoka kwa mwajiri haipungui siku 14 za kazi, na juu yake siku 7 kwa kila mwaka mzima uliotumika. Mtu wa miaka 10 anahesabu hivi: 14 na 70, jumla siku 84 za kazi. Mapatano ya kampuni yako na sendika yanaweza kutoa zaidi, lakini hayawezi kutoa chini. Daia pia cheti cha kazi, kinachoonyesha ulitumika wapi na miaka mingapi.

4. Angalia mtego huu. Sheria ile ile inasema mfanyakazi akiharibu mali ya mwajiri kwa kusudi, ao akipiga mtu, ni kosa zito, na mtu wa kosa zito anafukuzwa bila preavi. Kwa hiyo anayekata nyaya ya umeme, anayetia mchanga ndani ya mota ao anayevunja kioo cha ofisi wakati wa preavi, anamlipa mkubwa wake zawadi. Siku 84 zinapotea kwa nyundo moja.

5. Shika njia ya karatasi. Kwanza delege wa sendika, kisha Inspekta wa Kazi, ambaye atawaita pande mbili kupatana. Wasipopatana, iko mahakama ya kazi. Weka karatasi zako zote za malipo pahali pakavu, tangu leo, hata kama hakuna anayekutisha.

6. Rudisha ulichopewa: ufunguo, karata ya kuingilia, redio, namba ya siri ya ordinateri, na zaidi sana baruti na detonateri. Dai karatasi ya kuonyesha kwamba umerudisha. Kesho kitu kikipotea, karatasi hiyo itakusemea.

NENO KWA WAKUBWA WA KAZI

Ukurasa huu hausemi na wafanyakazi peke yao. Kule Yellowknife mkono uliotega baruti ni wa mtu mmoja, naye amebeba damu yake. Lakini Baraza la Kazi lilionyesha kwamba kampuni nayo ilifunga mlango ambao sheria ilitaka ubaki wazi. Mlango wa kusikilizana ukifungwa, watu wanatafuta dirisha.

Kama watu wanapashwa kupunguzwa, waambiwe mapema na kwa ukweli. Habari isitoke kwanza sokoni. Delege wa sendika aelezwe kwa maandiko mbele ya majina kutangazwa. Mtu aitwe peke yake, akalishwe kwenye kiti, si mbele ya posti nzima, wala si mlangoni na mlinzi amemshika mkono. Hesabu ya mwisho iwe tayari na ilipwe kwa siku yake. Fedha inayochelewa inawasha moto zaidi ya barua yenyewe.

Na kazi ya ghala isilegezwe. Baruti ihesabiwe inapotoka na inaporudi, kila posti, na watu wawili wakiweka sahihi. Kabini za umeme zifungwe. Namba za siri zibadilishwe kila mara mtu anapoondoka, hata aliyeondoka kwa amani, ili asiwepo wa kushukiwa.

NENO KWA JAMAA

Mama, wewe ndiwe unayeona kwanza. Baba hasemi na mtu. Halali usiku. Anaamka saa ile ile ya posti, anavaa, kisha anakaa kwenye kiti akitazama mlango. Ao anarudi kila siku na harufu ya lutuku. Anawapiga watoto, yeye ambaye hakuwa na tabia hiyo. Anasema maneno kama: «Nitawaonyesha», ao «Afadhali nife». Maneno hayo si ya kucheka wala ya kumwogopa. Ni dalili, kama vile kikohozi ni dalili ya kifua.

Usimwambie: «Wenzako wanatafuta, wewe unakaa tu.» Umwite kaka yake, rafiki aliyetumika naye, ao mzee wa dini anayemheshimu, wakae naye. Anayesema juu ya kufa asiachwe peke yake. Aende kwa mganga wa lopitali, na mtu amsindikize. Moyo unaopiga mbio na presha inayopanda ni magonjwa ya kweli, hayatibiwi na pombe. Lutuku haipunguzi hasira. Inaondoa breki tu.

Watoto nao waambiwe ukweli kwa maneno madogo: kazi ya baba imeisha, baba hakuiba, tutakula kwa namna nyingine. Mtoto anayejua ukweli hapigani shuleni juu ya jina la baba yake.

Na wewe mwenzake uliyebaki kazini, usimkwepe njiani kana kwamba kufukuzwa ni ugonjwa wa kuambukiza. Msalimie. Mpitie nyumbani jioni. Ukisikia kwake neno la kulipua, kukata ao kumwaga, usilibebe peke yako na usiseme ni maneno ya pombe. Zungumza naye, akiendelea, mwambie delege na watu wa usalama siku ile ile. Huko si kumuuza rafiki. Ni kumzuia asiwe muuaji, na kujizuia wewe usiwe ndani ya gari lile la reli.

Kazi inaweza kukatwa na barua. Barua inaweza kujibiwa na barua, na hata ikichukua miaka, mtu aliye hai anaweza kungoja. Baruti ikilipuka haina wa kuijibu.

Ukipata barua, shika karatasi zako, uache baruti ghalani, urudi nyumbani mzima.